Buluu Kwenye Chokaa Hai

Ukuta wa dada yangu ulikufa Jumanne asubuhi, na mimi ndiye niliyeikuta maiti.

Nilikuwa napita kwa mazoea tu. Kila mwezi nazunguka mitaa yote tisa ya Chokaani na pua yangu, na huwa naanzia kwa dada Mwanamkasi kwa sababu kwake kuna chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Pua ndilo jina ambalo watu wamekipa chombo changu cha kupimia kuta. Ni kidude cha ukubwa wa kiganja. Unakibandika ukutani, unahesabu dakika moja, kinakupa namba. Nikakibandika upande wa barabarani, nikahesabu, nikasoma. Ndoa tisa.

Nikakifuta kwa ncha ya kanga, nikakibandika tena. Ndoa tisa.

"Mbona umenuna?" Dada alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. "Chai inapoa."

"Ukuta wako haufanyi kazi."

"Haufanyi kazi vipi? Juzi tu umepakwa kwa ajili ya harusi ya mwanangu Saumu. Hebu uangalie, unang'aa."

Kweli uling'aa. Hilo ndilo lililonishangaza. Ukuta mzima hufungisha ndoa themanini au zaidi kwa dakika, na huu, wenye chokaa ya miezi mitatu, ulikuwa mweupe pe na mfu kabisa.

Nieleze kidogo kwa asiyetoka kwetu. Shuleni tulifundishwa kusema kichocheo. Mtaani neno hilo hulisikii, watu wanasema mshenga, na mimi niliyesomea mambo haya nakiri kwamba neno lao ni bora kuliko langu. Mshenga huenda kwa wazazi wa binti, hurudi kwa wazazi wa kijana, hupeleka maneno na kuleta majibu, mpaka wawili ambao wangeishi wakipishana barabarani wanaoana. Siku ya harusi anakula pilau yake na kuondoka kama alivyokuja. Wiki inayofuata anapeleka posa kwingine. Ndani ya chokaa hai mna chembe za madini laini kuliko unga wa ngano. Moshi wa tanuru ukigusa ukuta na jua likiwepo, chembe hizo huukutanisha na hewa na unyevu, chokaa yenyewe inapokea kilichozaliwa, na mwisho wake ni chumvi nyeupe ambayo mvua inaiteremsha mferejini. Tunaimwaga chini ya migomba. Mshenga hapungui. Anabaki ukutani akingoja moshi mwingine, na pua yangu inahesabu ndoa anazofungisha.

Hivyo ndivyo mji wenye tanuru kumi na tatu unavyoweza kuanika nguo nje. Tanuru zinachoma mawe ya kujengea kuta za bahari, maana tangu maji yapande pwani nzima inatutegemea. Zamani, kabla ya chokaa hai, tulikuwa tunakohoa. Dada ana pafu moja. La pili alitolewa hospitali miaka hiyo, na daktari alimwambia hili lililobaki halitaki mchezo.

Nilipita barabara yote ya Mtaa wa Saba nikibandika na kubandua. Nyumba kumi na nne zilizopakwa baada ya harusi ya Saumu zilinipa ndoa kumi na mbili, saba, kumi, sita. Halafu nikafika kwa Bi Tatu Mhina, ambaye hajapaka nyumba yake mwaka wa nne huu na ukuta wake una alama za mipira na mikono. Themanini na nne.

Nikarudi kwa dada mbio, chai sikuitaka tena. Nikapita ndani mpaka uani, nikabandika pua kwenye ukuta wa ua unaotazama jiko.

Themanini na tatu.

"Huku na kule alipaka mtu mmoja?" nikauliza.

"Fundi Mbelwa. Siku moja, ndoo moja. Mimi mwenyewe nilimpikia." Dada alinitazama, kisha akaongeza, "Halafu Rukaiya, kuna harufu ya yai viza hapa mbele tangu wiki iliyopita. Nimetupa mayai yote ya kabatini, bado inanuka."

*

Fundi Mbelwa hupaka chokaa akiwa amevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi, na jioni huirudisha nyumbani bila tone. Anataka watu walione hilo. Nilimkuta juu ya ngazi kwenye ukuta wa shule, anapaka huku anaimba.

"Fundi, ulitia nini kwenye chokaa ya Mtaa wa Saba?"

"Nilitia utaalamu, bibie."

"Ukuta wa dada yangu umekufa. Nyumba kumi na nne zimekufa."

Aliacha kuimba. Akateremka ngazi taratibu, akafuta mikono, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe ameiba.

"Umekufa vipi wakati ni mweupe pe?"

"Mbelwa."

Alitazama huku na huku. Kisha akatoa mfukoni fundo dogo la kitambaa, akalifungua kiganjani. Ndani mlikuwa na kidonge cha buluu, ile buluu ya kufulia ambayo kila nyumba inayo karibu na beseni.

"Chokaa tupu ina umanjano," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa dawa ya babu yake. "Ukiitia buluu kidogo, jicho linadanganyika, linaona weupe usio wa kawaida. Unaifunga kitambaani, unaizungusha ndooni mpaka isijulikane kama imo. Fundi ambaye buluu yake inaonekana, huyo si fundi. Ni dobi aliyepotea njia."

"Nani alikwambia utie kitu kwenye chokaa hai?"

"Nani alinikataza? Mama yangu amefulia mashati yangu kwa buluu miaka yote, mbona mimi sijafa?" Halafu akanigeuzia kibao. "Na isitoshe, bibie, wewe ndiye uliyeanza. Kwenye harusi ya Saumu ulisimama mbele ya watu ukasema, laiti nyumba zote za Chokaani zingekuwa nyeupe hivi. Mpima kuta mwenyewe! Kesho yake nilikuwa na watu kumi na nne mlangoni."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeshiba na nimefurahi, na nilisema hivyo hasa. Nilihisi uso unaniwaka.

"Wapo wengine wanaojua?"

"Mafundi wa miji sita waliniuliza siri yake," alisema, na hata katika hali ile kulikuwa na majivuno kidogo sautini. "Sikuwanyima."

Nilikaa juu ya ndoo yake iliyofunikwa. Buluu ina salfa ndani yake, hilo nalijua. Na salfa ikitoka ilikofungwa, inamshika mshenga mkono haimwachii. Anabaki ukutani na mkono wake umeshikwa, hawezi kupeleka posa popote. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi, buluu imeua kuta. Ila halikuwa wazi, kwa sababu uani kwa dada ilikuwemo buluu ileile na mshenga alikuwa mzima.

"Ndoo moja, siku moja, mkono mmoja," nilisema.

"Mkono wangu," Mbelwa alisema kwa unyonge.

*

Usinitake nilale na swali kama hilo. Saa nane mchana nilikuwa jikoni kwa dada na sahani mbili za bati. Kwenye moja nilikuwa nimekwangua chokaa ya mbele, kwenye nyingine ya uani. Mbelwa alikuja pia, akakaa kwenye kibao cha mbuzi kwa uangalifu asije akachafua suruali.

"Tazameni rangi," niliwaambia.

Ukiiweka chokaa ya uani juu ya karatasi, uliona ubuluu kwa mbali. Ya mbele ilikuwa nyeupe tu, haina kitu.

"Buluu ya mbele imekwenda wapi?" dada akauliza. Yeye hakusoma sayansi, lakini maswali yake huwa yanaingia moja kwa moja.

"Kamua ndimu kwenye hiyo ya uani."

Akakamua. Chokaa ikatoa povu. Akakamua ya pili, povu tena. Ya tatu, povu likapungua. Ndimu ya nne povu halikutoka kabisa, tukakaa tunaangalia sahani kama watu wanaongoja maji yachemke. Chai ilinywewa. Kidogo kidogo ule ubuluu ukaanza kufifia, ukawa kijivu, ukapotea.

Dada akainamia sahani, akajirudisha nyuma upesi na kushika pua.

"Yai viza!"

Nilipiga makofi kwa furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu wakati ule nilisahau kabisa kwamba tulikuwa tunazungumzia pumzi za watu.

"Buluu haina ubaya ikikaa ndani ya chokaa," niliwaeleza. "Imefungwa, imelala. Asidi ndiyo inayoifungua, iwe ya ndimu au ile inayotokana na moshi. Lakini asidi ikija inaanza kupambana na chokaa, ndilo lile povu. Chokaa ikiisha ndipo inaifikia buluu, buluu inaachia salfa, salfa inamshika mshenga. Uani moshi haufiki sana. Mbele unafika."

"Kwa Bi Tatu pia unafika," Mbelwa alisema.

"Kwa Bi Tatu kuna makoti saba, moja juu ya lingine, na hana buluu. Huko mshenga hana wa kumshika. Lakini sikilizeni." Nilikuwa nimepiga hesabu pembeni ya gazeti. "Chokaa ya ukuta mmoja inatosha miaka mitano kwa moshi ambao tanuru zimeruhusiwa. Hii imekwisha kwa miezi mitatu."

Mbelwa alielewa kwanza, akanyanyuka.

"Kwa hiyo si mimi! Ni wao! Wanachoma makaa mabaya!"

"Ni wao," nilisema. "Na ni wewe. Bila buluu kuta zingevumilia mwaka mwingine kwa makoti ya chini. Bila moshi uliozidi, buluu ingelala tu."

Mbelwa akakaa tena.

*

Hapo ndipo ilipo shida. Fomu ya Baraza la Tanuru ina kisanduku kimoja cha chanzo, na maneno yanayokubaliwa ni mawili tu, Moshi au Mkono. Kuta za mtaa zikifa kwa moshi, tanuru zinazimwa siku arobaini mpaka chokaa mpya ipakwe na kuamka. Zikifa kwa mkono wa mtu aliyeichezea chokaa, tanuru haziguswi. Baraza linatangaza kosa katika miji yote yenye chokaa hai, aliyechezea ananyang'anywa leseni, na mtaa unapaka upya huku unavuta ule moshi.

Nilimpigia simu Bwana Mntambo, karani wa Baraza, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Kama ni vyote viwili?" nilimuuliza.

"Mama Rukaiya, kisanduku ni kimoja."

"Nikiandika Moshi, na chini kwenye maelezo nikataja buluu?"

"Ukitaja mkono wa mtu popote, inahesabiwa Mkono. Kuna kesi ziliamuliwa hivyo. Fomu inafungwa kesho saa sita."

Mbelwa aliposikia alinishika mkono kabisa. "Andika Moshi. Si uongo, umesema mwenyewe ni wao! Mimi nitawapigia mafundi wote sita, nitawaambia waache buluu."

"Watakuuliza kwa nini."

"Nitawaambia... nitawaambia imepitwa na wakati."

Nilicheka, naye akacheka, kisha hatukuwa na cha kucheka. Sote tulijua fundi haachi weupe kwa maneno ya simu. Wao pia wameshawafundisha wengine, na hao wengine hatuwajui hata majina. Tangazo la Baraza tu ndilo lingewafikia wote. Na kila mji wenye kuta zile una mtu mwenye pafu moja, au mtoto mchanga, ambaye anaanika nguo nje akidhani yuko salama.

Lakini wa kwangu nilikuwa naye jikoni, anaosha sahani za bati.

"Dada, wewe unasemaje?"

Hakugeuka. "Mimi nataka kupumua, Rukaiya. Usiniulize mimi."

Sikulala vizuri, sitasema zaidi. Asubuhi nilivaa, nikakaa mezani na fomu. Nilimwogopea dada. Niliona aibu pia, kwa sababu kuandika Mkono kulikuwa ni kuandika harusi ya Saumu, na maneno yangu mwenyewe ya kusifu, na mji mzima ungesoma. Kuandika Moshi kungenisafisha, kungemwokoa Mbelwa, kungempa dada siku arobaini za hewa safi, na nusu yake ingekuwa kweli. Nusu nzuri. Niliitamani mno hiyo nusu.

Saa tano na nusu niliandika Mkono. Chini yake nikaeleza yote, asidi, hesabu, povu, ndimu nne, na nilichosema harusini.

Bwana Mntambo alisoma kisanduku. Maelezo hakuyagusa.

*

Dada hakunisemesha siku mbili. Ya tatu alifunga mizigo kwenda Lushoto kwa Saumu, ambako hewa ni ya msituni. Nilimsindikiza stendi nikiwa nimembebea kapu. Alikuwa ameshaanza kukohoa, kikohozi kifupi anachokificha ndani ya mtandio.

"Sijakukasirikia," aliniambia alipokuwa anapanda gari. "Nimekasirika tu."

Nilirudi nyumbani nikalia mpaka nikachoka.

Tangazo lilienda. Mji mmoja walikwangua nyumba mia mbili kabla mvua hazijaanza. Katika mji mwingine walikuta fundi ameshapaka zahanati nzima. Nilisoma taarifa hizo nikijaribu kufurahi, na siku nyingine nilifaulu.

Mbelwa alinyang'anywa leseni ya chokaa hai. Aliruhusiwa chokaa mfu tu, ya kupaka vyoo na mashina ya miti. Nilidhani atanichukia. Wiki moja baadaye alikuja kwangu, suruali yake nyeupe kama kawaida, akakaa na kukunja nne.

"Bibie, ile sahani. Nimekuwa naifikiria. Kwa hiyo buluu inajua moshi ukizidi?"

"Inajua."

"Kabla ya pua yako?"

"Pua yangu inapita mara moja kwa mwezi. Na inapima ukuta, haipimi moshi."

"Na mtu akipaka mkanda wa buluu juu ya mlango, hahitaji leseni," alisema. "Ni chokaa mfu. Hakuna mshenga wa kumshika mkono."

Tulitazamana. Nadhani sijawahi kumpenda binadamu kama nilivyompenda fundi yule kwa dakika ile.

Siku iliyofuata alipita Mtaa wa Saba akipaka mkanda mmoja juu ya kila mlango, wa barabarani na wa uani, upana wa mkono, chokaa mfu yenye buluu nyingi, koti moja jembamba ili isichelewe kusema. Watu walimcheka. Bi Tatu alimuuliza kama amekuwa dobi sasa. Yeye alipaka tu, lakini nilimwona ameinamisha uso, maana maisha yake yote alikuwa ameificha ile rangi na leo anaianika.

Siku ya tisa mikanda yote inayotazama tanuru iliamka myeupe. Ya uani ilikuwa buluu. Hapakuhitajika fomu wala mtu aliyesoma. Watu wa mtaa walikwenda kwenye lango la Baraza wakamwomba Bwana Mntambo aje atazame tu. Akaja, akapitisha kidole juu ya mlango mmoja, akakinusa, akasimama pale muda mrefu akinusa kidole chake. Alirudi ofisini kusoma maelezo yangu. Tanuru tatu zilizimwa wiki ile, zilizobaki zikaletewa makaa mengine, na Mtaa wa Saba ukakwanguliwa na kupakwa chokaa hai mpya isiyo na siri.

Mikanda ikapakwa tena. Ikabaki kungoja. Tulikubaliana na dada kwamba ikikaa buluu siku arobaini, atarudi.

Kila asubuhi dada alinipigia simu kutoka Lushoto, na kabla ya salamu aliuliza, "Rangi gani?" Nami nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikatazama juu, nikamjibu nilichokiona. Siku ya kumi na nane pembeni palififia kidogo. Jua lilikuwa linanipiga machoni, ningeweza kusema sioni vizuri. Nyumba ilikuwa kimya, birika limefunikwa mezani. Nikamwambia, "Imefifia, dada. Usije." Makaa yakabadilishwa tena, mkanda ukapakwa upya, tukaanza kuhesabu kutoka moja.

Siku ya arobaini ya hesabu mpya sikuyaamini macho yangu, kwa sababu yalikuwa yanataka mno. Nikamwita Mbelwa. Alikuja na ngazi, akapanda, akasogeza uso mpaka karibu aguse ukuta, akakaa hapo anachunguza kona mpaka kona. Simu ilikuwa mkononi mwangu, dada anasikiliza.

"Fundi, rangi gani?"

"Buluu," Mbelwa alisema kutoka juu. "Buluu tupu, bibie, inaonekana mpaka barabarani. Ingekuwa zamani, ningehama mji kwa aibu."

Dada alikuwa amesikia. Nilisikia upande wa pili anamwambia Saumu amletee kapu.